Gambia Iko Mlango wa Nne

Jumatatu, 4 Agosti

Sijawahi kumwambia mtu yeyote jambo hili. Nina nchi yangu. Si Kenya, Kenya ni ya kila mtu. Nchi yangu ni Gambia.

Basi. Nimeandika. Nacheka peke yangu kama mwehu.

Ilianza darasa la sita. Tulifungua atlasi ukurasa wa Afrika Magharibi, nikaona kitu kama mnyoo umelala ndani ya Senegali, kichwa kikiwa baharini. Nikadhani mtu amechafua kitabu kwa kalamu. Kumbe ni nchi nzima. Mto mmoja na ardhi kidogo huku na huku. Senegali imeizunguka pande zote isipokuwa pale mto unapoingia baharini. Niliihurumia. Mimi pia nilikuwa nimebanwa kwenye dawati katikati ya wasichana wawili wanaopiga kelele.

Tangu hapo nimekuwa nikiikusanya kimyakimya. Mahali pengi upana wake haufiki kutoka hapa Kakamega hadi Kisumu. Urefu wake ni kama kutoka hapa hadi Nairobi. Mji mkuu ni Banjul, uko kisiwani mdomoni mwa mto. Wamandinka, Wafula, Wawolofu, Wajola, Waserahule. Hao nawajua kuliko binamu zangu.

Leo nimefua, nimechota maji, nimelisha kuku, nimeanika mahindi na kuyaanua mvua ilipokuja, kama kawaida ya Agosti.

Sasa sehemu ya kichaa. Tangu Juni, mlango wa nne wa ploti yetu ya nyumba za kupanga hapa Amalemba anakaa mwanamke kutoka Gambia. Anaitwa Isatou. Amekuja kufanya utafiti wa mbu. Sisi tuko mlango wa sita. Yaani nchi yangu imehama ikaja kukaa karibu na kamba yetu ya nguo, na mimi sijaiambia lolote zaidi ya "good morning".

Mama Brian wa mlango wa pili anamwita Mnaija. Kwake kila mtu wa kule ni Mnaija, sababu ya filamu za Naijeria.

Alhamisi Mama anaenda Eldoret kutolewa uvimbe wa shingo. Umekua mpaka akimeza chai anafumba macho. Hatuongei juu ya hilo. Tunaongea juu ya nani atafungia kuku.

Jumanne, 5 Agosti

Nimekutana na Isatou mferejini, kwenye bomba la maji la ploti. Nilikuwa tayari. Nilikuwa na sentensi nzima kichwani, Kiingereza safi cha insha: Samahani, kwenu ni ukingo wa kaskazini au wa kusini? Maana kule ndivyo wanavyojitambulisha, kwa kingo za mto. Nilidhani atashangaa.

Akasema, "Habari ya jioni, Ayuma." Kwa Kiswahili.

Nikasema, "Asante."

Nikabeba ndoo ikiwa nusu, nikaenda zangu. Asante. Nani hujibu hivyo.

Yeye husalimia mpaka mtu achoke. Nyumba iko vipi, watu wa nyumbani wako wapi, mwili uko vipi, kazi je, mama mzazi je. Ndiyo desturi ya kwao, niliisoma. Mama Brian hajaisoma. Anasema, "Huyu anaulizanga watu wangu wote wako wapi. Anataka kuwapeleka wapi?"

Mama alicheka. Mama humpenda Isatou. Juzi alimpelekea mahindi mabichi na kumwonyesha jinsi ya kuyachoma bila kuyaunguza.

Alhamisi, 7 Agosti

Mama ameenda. Sijui nianzie wapi.

Asubuhi majirani walikuja kumwombea uani. Mama Brian aliomba kwa sauti ndefu, akawataja madaktari, wauguzi, dereva na magurudumu. Senge, dada yake Baba, ndiye anayempeleka. Alikuwa ameshaingia kwenye gari, mkoba mapajani.

Mama akaanza kutoa mkono kwa kila mtu. Alipofika kwa Isatou, alinyoosha wa kulia kama kawaida. Isatou hakuushika. Alimtolea wa kushoto. Akauchukua mkono wa kushoto wa Mama, ule ulioshika kitambaa cha jasho, akautikisa kwa nguvu, macho yamejaa maji, anatabasamu.

Watu wakatazamana. Hata kuku nadhani waliona.

Kwetu mkono wa kushoto humpi mtu nao hata kijiti cha kiberiti. Mtoto akikosea anachapwa vidole. Na huyu ni mtu anaenda kupasuliwa shingo.

 Mama alipangusa mkono kwenye leso, akaingia garini. Hakunitazama. Ndicho kinachoniuma. Alikuwa akiutazama mkono wake.

Isatou alibaki akipunga mpaka gari lilipopita kona.

Mimi ndiye ninayejua mambo ya Gambia. Na hili silijui. Nilikusanya mito na makabila yote, hili sikulikusanya.

Ijumaa, 8 Agosti

Mama Brian alikuja kuangalia kama nimekula. Nimekula. Akakaa. Nilijua hakuja kwa chakula.

"Mtu anaenda kupasuliwa, wewe unampa kushoto. Hiyo ni kumzika akiwa anatembea."

Nikasema labda hakujua. Nilisema chini sana.

"Mtu mzima hajui mkono wa kushoto? Wewe nawe unajifichanga tu kwa nyumba kama panya, hujui watu."

Senge amepiga simu jioni. Presha ya Mama iko juu. Madaktari wamesema hawawezi kumpasua hivyo, wasubiri ishuke. Nikauliza kama ilikuwa juu tangu zamani. Senge akasema hapana, kliniki ya mwezi uliopita ilikuwa sawa.

Halafu Mama akachukua simu. Sauti yake ilikuwa ndogo. Akaniuliza kuku, akaniuliza mahindi. Kisha akasema, "Ayuma, ule mkono bado nausikia."

 Nilimwambia kuku wote wapo.

Jumapili, 10 Agosti

Baba amekuja kutoka Butali. Anafanya kazi kwenye boila za kiwanda cha sukari na anakuja Jumapili tu. Shati lake hunukia molasi hata likifuliwa. Nilimwambia kuhusu mkono. Akavua viatu, akavipanga mlangoni.

Siku hizi tatu wanawake wa ploti hawajamsalimia Isatou. Anapokuja mferejini wanachukua ndoo zao. Yeye bado anasalimia, nyumba yote, mwili wote, watu wote wa nyumbani, na anajibiwa na maji. Jana nilimwona amesimama peke yake na jagi, anaangalia milango. Hajui amefanya nini. Nina uhakika hajui. Na mimi nilikuwa dirishani nyuma ya pazia, na nikabaki hapohapo.

Jana jioni hiyohiyo alileta bakuli. Kuku kwenye mchuzi mzito wa njugu karanga, na wali. Alilipokea Mama Brian aliyekuwa kwetu, akalishika kama limejaa makaa. Mlango ulipofungwa akaniambia nisiguse. Nikaliacha mezani, limefunikwa. Nilijua ni domoda. Nimeisoma mara ngapi. Nilikaa na nchi yangu kwenye bakuli na sikuionja.

Leo Baba akafunua, akanusa, akala yote. Mpaka mwisho akafuta kwa ugali wa jana. Nikamwambia Mama Brian alikataza. Akasema, "Chakula ni chakula." Halafu akaongeza, "Si umuulize huyo mama. Wewe ndiye una Kizungu."

Kwa Baba kuuliza ni kufungua mdomo tu. Ningechagua kuingia ndani ya boila yake.

Jumatatu, 11 Agosti

Bakuli limeoshwa. Tatizo ni kwamba bakuli la mtu halirudishwi tupu. Mama angenifukuza nyumbani. Kwa hivyo nimeweka mayai ya kuku wetu, nikayafunika kwa kitambaa, na nimesema nitalirudisha asubuhi.

Asubuhi nilifika mlango wa tano.

Mchana nilifika mlango wa nne kabisa. Nikasikia redio ndani. Nikasema moyoni anasikiliza redio, si vizuri kumsumbua.

Jioni mvua.

Ninajichukia. Nimeliandika ili nilione. Si kwamba siwezi kuongea. Kichwani ninaongea siku nzima, kwa lugha mbili, na ninashinda kila mabishano. Inapofika mdomoni inakuwa kama mtu amekanyaga mpira wa maji.

Jumanne, 12 Agosti

Senge alipiga simu asubuhi akiwa amekasirika. Mama anataka kurudi nyumbani. Presha haijashuka. Halali vizuri. Anasema kama ni kufa afie kwake, na kwamba aliagwa vibaya. Kama mambo hayajabadilika, keshokutwa atachukua gari. Na daktari amesema uvimbe umeanza kubana njia ya hewa, hautaki kusubiri mwaka mwingine.

Nilichukua bakuli. Sikuvaa hata viatu vizuri. Nilipiga hodi kabla akili haijafika.

Isatou alifungua. Alikuwa na kalamu sikioni. Sikusema habari. Sikusema asante kwa chakula. Nilimpa mayai nikasema, kwa Kiingereza, moja kwa moja:

"Kwa nini ulimpa Mama mkono wa kushoto?"

Alinitazama kama nimemuuliza kwa nini mvua inalowesha. "Si ni ili arudi?" akasema.

Nadhani uso wangu ulimwambia kila kitu, maana alilitua bakuli chini polepole. Akanivuta ndani, akanikalisha. Kiingereza chake hupanda na kushuka mahali ambapo changu kimelala tu. Ninaandika alivyosema, nisije nikasahau.

"Hata kwetu mkono wa kushoto ni mbaya. Huli nao, humpi mtu kitu nao. Ndiyo maana. Mtu unayempenda akienda mbali unamuaga kwa kushoto. Umemkosea makusudi, unaona? Lazima arudi, mlirekebishe kosa kwa mkono wa kulia. Huwezi kufa ukiwa na jambo kama hilo halijaisha."

Alisema mama yake alimpa mkono wa kushoto alipokuwa akija Kenya. Mpaka leo hawajarekebisha.

Nikamwambia. Ploti nzima, mferejini, presha, Eldoret. Alishika kichwa kwa mikono miwili. Akasema, "Nilidhani ni Afrika nzima." Akarudia. Kisha akaanza kulia, na mimi nikalia, mayai katikati yetu.

Tulipiga simu palepale. Nilimweleza Mama kwa Kiluhya, kwa sababu kwa Kiluhya siwezi kujificha, hakina sentensi za insha. Nilieleza yote bila kukatika. 

"Rudia," Mama akasema.

Nikarudia.

"Kwa hivyo nikifa nitakuwa nimemharibia mpango wake."

"Ndiyo, Mama."

Halafu nikasikia kitu kama birika linaanza kuchemka. Mama alikuwa anacheka. Kwa shingo ile. Akasema nimpe simu huyo mtu wa mbu. Isatou akashika simu kwa mikono yote miwili na kumwambia, kwa Kiswahili chake, "Mama, wewe lazima rudi. Mkono yangu inangoja."

Sijui presha kama imesikia. Lakini Mama hajataja tena gari la keshokutwa.

Jumatano, 13 Agosti

Ilibaki ploti.

Nilichagua saa ambayo wote wako mferejini, maana nikimwambia mmoja mmoja nitaishiwa nguvu njiani.  Nilisema yote. Kushoto ni kosa la makusudi, ni ili Mama arudi. Nilisema pia kwamba Gambia si Naijeria, ziko mbali, katikati kuna nchi nyingi. Hilo la mwisho sikulipanga, lilitoka lenyewe.

Mama Brian alikuwa amekunja mikono. "Kumbe unaongeanga."

Watu wakacheka. Sikufa.

Halafu akasema, "Hata kama. Si angesema? Mtu asiseme, mimi nitajuaje? Mimi ni nabii?"

Nilifikiria hilo wakati wote wa chakula cha usiku na naona yuko sawa. Na Isatou yuko sawa. Hakuna aliyefikiri kuna kitu cha kueleza. Mkono ulikuwa unaongea, kila mtu akausikia kwa lugha ya kwao.

Jioni Mama Brian alipita mlango wa nne na debe lake. Hakusimama, lakini alisema, "Umeshindaje, Mama Gambia?" Isatou akatoka na salamu zake zote, nyumba, mwili, watu. Mama Brian akajibu moja moja kama mtu anayelipishwa faini. Lakini alijibu zote.

Ijumaa, 15 Agosti

Presha inashuka. Senge anasema wamembadilishia dawa. Anasema pia Mama amelala usiku mzima kwa mara ya kwanza. Sijui ni dawa au ni usingizi au ni nini, na sitaki kujua. Atapasuliwa Jumatatu.

Jumatatu, 18 Agosti

Siku mbaya kuliko zote. Naandika ikiwa imeisha.

Baba alikuwa zamu na hakuruhusiwa kutoka. Simu nilikuwa nayo mimi. Nilikaa kibarazani nikiitazama. Isatou hakwenda kazini. Alikuja na jiko dogo la makaa na birika dogo la buluu, akaanza kupika chai ya kwao. Inapikwa mara tatu kwa majani yaleyale. Ya kwanza ni chungu mpaka masikio yanakaza. Unamimina kutoka juu, glasi hadi glasi, mpaka ipande povu. Inachukua muda mrefu, akasema, na hiyo ndiyo kazi yake. Ni chai ya kungojea.

Kwenye chai ya kwanza nilimwambia. Kwamba nina nchi, na nchi ni yake. Nilitegemea acheke. Aliniomba nimchoree.

Nikachora kwa makaa kwenye sakafu ya kibaraza. Mnyoo, kichwa baharini. Nikaweka Banjul. Nikaweka mikoko. Nikaweka ufuo mrefu wa mchanga na watu wote wa Gambia nikawapanga ufuoni, kwa sababu kwangu ilikuwa nchi ya pwani, na nchi ya pwani watu wako pwani.

Alichukua kile kipande cha makaa. Akaweka alama mwisho kabisa wa mkia, mbali na bahari. "Kwetu ni hapa. Basse." Akasema aliiona bahari kwa mara ya kwanza akiwa na umri kama wangu, alipopelekwa shule ya bweni karibu na Banjul, na hakuipenda. Ilikuwa haina ng'ambo. Mto una ng'ambo, unaona watu wa upande wa pili wakifua. Kwao ni mashamba ya njugu na ya mpunga, na viboko majini, na vumbi kutoka jangwani miezi ya kiangazi.

Mimi sijawahi kuona bahari kabisa. Nilimwambia. Hakunionea huruma, alisema basi tuko sawa, yeye alikuja Kenya na bado hajaiona yetu.

Kwenye chai ya pili aliniambia jambo ambalo sikulipata kwenye kitabu chochote. Kiangazi, mto ukipungua nguvu, bahari hupanda mto. Maji ya chumvi yanaingia mbali sana ndani ya nchi, wakulima wa mpunga wanayaogopa. Mvua zikianza, mto unaisukuma bahari nje tena. Kila mwaka. Nchi nzima inasukumana namna hiyo. Na chini kule kwenye mikoko wanawake wanaingia na mitumbwi kukata chaza kutoka kwenye mizizi, wakiwa na glavu na panga. Zamani kuvuka mto ilikuwa ni kungojea feri tu, malori yamepanga foleni na mbuzi wanalia. Sasa kuna daraja.

Nikamuuliza kuhusu mpaka. Akasema shangazi yake yuko Senegali na anakuja harusini akiwa na ungo kichwani, bila kujua amevuka nchi. Wazungu wawili waligawana mto, watu hawakugawana kitu. Nikamwambia kuhusu Busia. Kwamba sisi Waluhya pia wengine tuko Uganda, jina moja, lugha moja, pesa tofauti. Nilimweleza kwa kirefu. Yeye ndiye aliyekuwa ananyamaza.

Simu iliita kwenye chai ya tatu. Ile tamu.

Nilishindwa kubonyeza. Vidole vilikataa. Isatou hakuichukua. Alinishika bega tu, akangoja.

Ilikuwa Senge. Upasuaji umekwenda salama. Mama ameamka, hawezi kuongea, lakini ameonyesha kwa kidole kwamba ana njaa.

Nililia juu ya ramani. Bahari yote ikafutika.

Jumatano, 20 Agosti

Hakuna kipya. Mama anakunywa uji. Baba amepiga simu kutoka Butali mara nyingi kuliko mwaka mzima, kila mara anauliza uji wa nini.

Mama Brian ameniletea mboga za kienyeji. Akaona glasi za chai kibarazani, akaonja iliyobaki. "Hii ni dawa ya nini?" Nikamwambia ni ya kungojea. Akasema yeye hana muda wa kungoja chai. Akakaa, akamaliza.

Jumamosi, 23 Agosti

Mama amerudi.

Bandeji shingoni kama kola ya kasisi. Amepungua. Macho ni yake. Ploti yote ilitoka. Baba alikuwa amekuja tangu asubuhi na hakuvua viatu, alizunguka ua tu.

Isatou alikuwa nyuma ya wote. Nadhani aliona haya. Alikuwa anamsaidia Mama Brian kunyonyoa ingokho, jogoo wa kumkaribisha Mama, na mikono yake ilikuwa imejaa manyoya na maji moto. Mama alimtafuta kwa macho. Watu wakapisha.

Mama alinyoosha mkono wa kulia. Isatou akatazama viganja vyake, akatafuta mahali pa kuvipangusa, hakupata. Basi akafanya kama sisi tunavyofanya mtu akiwa na mikono michafu. Akakunja ngumi, akampa kifundo cha mkono. Cha kulia. Mama akakishika kile kifundo, manyoya na yote, na hakukiachia haraka.

Mama Brian akasema, "Haya, imeisha. Kuku hataji­nyonyoa."

Wakati wa kula, firigisi, ambayo kwetu ni ya mwenye nyumba, ilipewa Baba kama kawaida. Baba akaikata vipande viwili, kimoja akakipitisha kwa Isatou. Sikuwahi kuona hilo maishani. Mama Brian naye aliliona. 

Jumatatu, 25 Agosti

Mvua ndogo tangu mchana. Mama amelala.

Daktari alisema sauti itarudi polepole. Kwa sasa ana mnong'ono tu, na hata huo amekatazwa kuutumia sana. Shida ni wageni. Wanakuja tangu jana, kanisa, ukoo, ploti, na sukari, unga, majani ya chai, na kila mmoja anataka kusikia habari yote tangu mwanzo. Mama anawatazama, ananitazama. Mimi naeleza. Presha, dawa, chumba cha upasuaji, uji. Nikikosea ananivuta sketi. Nikisema vizuri anafumba macho na kutulia.

Nimeeleza kwa Kiluhya kwa wazee, kwa Kiswahili kwa wengine, na jana kwa Kiingereza kwa bosi wa Isatou wa utafiti wa mbu, aliyeleta matunda. Mwanzoni nilikuwa nikitazama chini. Sasa natazama videvu. Macho bado.

Mzee mmoja wa ukoo aliuliza huyu mgeni mrefu ni wa wapi. Mama Brian akadakia kabla yangu: "Huyo ni Mgambia. Ni kanchi kembamba, ka mto. Si Naijeria. Watu huchanganyanga."

Isatou anasema Desemba atakwenda kwao likizo. Mama aliponong'onezewa hilo, alionyesha kwa kidole mkono wake wa kushoto, halafu akanionyesha mimi, kwamba siku hiyo nisisahau kumwamsha mapema.

Shule inafunguliwa kesho. Mwalimu wa jiografia huuliza mtu ajitolee kusoma mbele. Sitasema nitajitolea. Nasema tu kwamba nimelifikiria mara mbili.

Kuna sauti ya malapa nje. Yanakuja huku. Si ya Mama. Ni mazito, ya Mama Brian, na mwenyewe anaongea njiani na kuku. Daftari linaingia chini ya godoro. Atataka kujua mgonjwa ameshindaje, na anayejibu ni mimi.